Kati ya fomu ya chama na mkataba wa hali bora kuna miezi ya hatari

Tangu kima cha chini kipya cha sekta binafsi kianze kutumika tarehe 1 Januari 2026 kuna swali nimeulizwa mara nyingi na vijana wa viwandani, wananiambia kaka, sasa chama cha wafanyakazi cha nini tena wakati serikali imeshapandisha mshahara? Ukisikiliza haraka haraka unaona wana hoja, maana tangazo lilisema wastani umetoka shilingi 275,060 hadi 358,322, lenyewe likaiita asilimia 33.4 ingawa ukipiga hesabu ni kama 30, na hakuna tawi lolote ninalolijua lililowahi kukaa na bosi likatoka na asilimia 30 kwa mkupuo mmoja. Kijana anajiuliza kwa nini akatwe ada kila mwezi wakati waziri akisimama siku moja kazi imeisha.

Nimekuwa katibu wa tawi kwa miaka kadhaa kwenye kiwanda kimoja cha vyombo vya plastiki hapa Dar, kwa hiyo hili swali nalichukulia serious kabisa, sio swali la kijinga. Jibu lake ni refu kidogo ila ukilielewa utaelewa pia kwa nini matawi mengi yanakufa kabla hayajazaliwa vizuri.

Tuanze na hiyo 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote zikichanganywa, sio hela ambayo kila mtu ataiona kwenye salari slipu yake, kila sekta ina mstari wake kwenye amri ya mshahara, yaani lile tangazo la serikali la kima cha chini, na mtu wa benki au wa madini mstari wake uko juu sana kuliko wa shambani. Halafu angalia hizo amri zinavyokuja. Ile ya 2013 ilianza kutumika Julai mwaka huo, mtu wa viwanda na biashara akawekewa 115,000 kwa mwezi. Iliyofuata ikaanza kutumika Januari 2023, akawekewa 150,000. Miaka tisa na nusu katikati hapo. Mtoto ambaye 2013 alikuwa hajaanza darasa la kwanza, 2023 yuko sekondari anadai madaftari na nauli, na mshahara wa kisheria wa baba yake muda wote huo umesimama palepale. Wafanyakazi waliopata nyongeza katikati ya miaka hiyo waliipata kwa njia mbili tu, ama bosi mwenyewe alipenda, ama palikuwa na chama kilichokaa mezani kikadai.

Na hata kama amri ingetoka kila mwaka, yenyewe inasema tu bosi asilipe chini ya hapa. Haijui chochote kuhusu geti lenu. Kwetu shifti ya mchana ilikuwa inatoka saa nne usiku na kutoka getini mpaka kituo cha daladala ni mwendo wa robo saa kwenye barabara isiyo na taa, kinadada wa pakingi walikuwa wanasubiriana watoke kundi zima, simu wameficha kwenye soksi, na asubuhi ukisikia mmoja ameporwa hushangai unauliza tu kama ameumia. Watu wa moldi walikuwa wanapewa jozi moja ya glavu kwa miezi mitatu na zile glavu zikipita wiki ya pili zimeshatoboka vidoleni. Sheria inakupa ovataimu mara moja na nusu, inakupa nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, inakupa likizo ya siku 28, sawa, ila hakuna kifungu hata kimoja kinachosema basi liwepo getini saa nne usiku. Hilo basi linaandikwa sehemu moja tu, kwenye mkataba wa hali bora.

Kwa asiyejua, mkataba wa hali bora ni makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu mshahara na mazingira ya kazi, na kwa sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini namba 6 ya 2004 ukishasainiwa unawabana wote wawili kuanzia saini ya mwisho, labda wenyewe waandike tarehe nyingine. Sio barua ya ombi ile, sio ahadi ya Mei Mosi. Na unamhusu hata yule ambaye si mwanachama kama yuko kwenye kundi ambalo chama kimetambuliwa kuliwakilisha, ndo maana sheria ikaruhusu pawe na makubaliano ya mtu huyo kukatwa ada ya uwakala, watu wanalalamika sana kuhusu hiyo hela lakini wanapanda basi lilelile.

Sasa unafikaje huko? Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Chama ili kitambulike kuwa ndicho pekee kinachojadiliana na mwajiri inabidi kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika. Mko 300 kwenye uzalishaji, mnatakiwa 151. Kila mmoja anajaza fomu, inaitwa TUF 6, ile ya kumruhusu mwajiri akate ada, na fomu ikishafika kwa mwajiri ana siku 30 aanze kukata na kila mwezi apeleke hela kwa chama. Mkishavuka nusu chama kinaandika barua ya kutaka kutambuliwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nao, akigoma mnaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na ikishindikana hapo mnaenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kwenye karatasi ni safi. Ila hesabu mwenyewe muda kutoka fomu ya kwanza inapojazwa mpaka siku ya kutambuliwa, ni miezi, na katika miezi yote hiyo wale waliotangulia kujaza wako peke yao na majina yao yako mezani kwa HR.

Kwetu fomu zilianza kujazwa kwa mama ntilie wa nje ya geti. Aliyekuwa anazigawa ni dada mmoja wa pakingi, mtu mpole, hana kelele, ana mwandiko mzuri, ndo maana watu walimwamini, wengine walikuwa hawajui vizuri kusoma kwa hiyo yeye anawasomea fomu mstari kwa mstari huku wanakula wali maharage kisha anawaonyesha pa kusaini. Fomu alikuwa anazikunja anaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo linakaa chini ya benchi la mama ntilie. Wiki ya kwanza alipata 20 na kitu. Wiki ya tatu alikuwa amepita 80.

Wiki ya nne akahamishwa. Kutoka pakingi akapelekwa kufagia uwanja wa nyuma, kwenye mapipa ya chakavu, kusudi asiwe na mtu wa kuongea naye wakati wa kazi. Supavaiza hakusema neno chama hata mara moja, alisema tu kuna upungufu wa watu huko nyuma. Halafu kikaitishwa kikao cha wafanyakazi wote, bosi akaongea vizuri kabisa, akasema sisi hapa ni familia, mwenye shida mlango uko wazi, hakuna haja ya kuleta watu wa nje. Siku zilizofuata watu kama 15 wakaenda kwa yule dada kuomba warudishiwe fomu zao. Akawapa. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita, umeshawahi kuongezwa mara tano bila shida yoyote, safari hii ukafika mwisho akaambiwa asante, tutakupigia.

Mwajiri akikupa mkataba wa miezi sita sita hana haja ya kukufukuza kazi, anasubiri tu tarehe ifike. Sheria ya 2004 yenyewe ilivyoandikwa mwanzoni ilisema mkataba wa muda maalum ni wa wataalamu na mameneja, sio wa mtu wa pakingi, ingawa marekebisho ya karibuni yameongeza makundi mengine. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba kama mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutegemea mkataba utaongezwa na usiongezwe, hiyo inahesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Na imetaja waziwazi kuwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi au kushiriki shughuli zake halali si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kwa hiyo yule dada sheria ilikuwa upande wake kabisa. Alikuwa na siku 30 za kufungua shauri CMA na alifungua. Likaahirishwa, wakili wa kampuni anaumwa, likaahirishwa, msuluhishi yuko kwenye semina, likaahirishwa tena. Mwisho wakakubaliana alipwe mishahara ya miezi kadhaa yaishe, na mimi simlaumu hata kidogo, alikuwa na watoto wawili na kodi ya chumba.

Ukiangalia kwa macho ya sheria, haki imetendeka, mtu amelipwa. Ukiangalia kwa macho ya tawi, bosi amenunua ukimya wa watu 300 kwa mishahara michache ya mtu mmoja, na kwenye hesabu za kampuni hiyo ni gharama ndogo kuliko bei ya basi. Hapo ndo pamenifanya niandike. Tunapozungumzia kulinda haki za vyama vya wafanyakazi huwa tunafikiria vitu vikubwa, katiba, mikataba ya ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, viongozi kukamatwa, na ni kweli hivyo vipo, ila kwa mfanyakazi wa kawaida wa Tanzania haki hii inakufa kimyakimya kwenye ile miezi miwili mitatu ya fomu, na hakuna anayeandika habari yake kwa sababu kilichotokea ni mkataba kuisha tu.

Kwa hiyo ninachotaka kwa CMA na kwa wizara ni kitu kimoja hasa. Shauri la mtu aliyeondolewa wakati chama kinakusanya wanachama lisipangwe foleni moja na mashauri mengine. Lisikilizwe ndani ya siku chache, na mpaka liamuliwe mtu awe amerudi kazini kwake, kwenye laini yake ileile, wenzake wamwone. Fidia inayokuja mwaka mmoja baadaye inamsaidia yeye, haiwasaidii wale 15 walioomba fomu zao.

Ishu ya pili ni ajenti. Siku hizi unaingia kiwandani unakuta watu 400 wamevaa ovaroli moja, wanaendesha mashine za aina moja, supavaiza ni yuleyule, lakini 250 kati yao ni wa ajenti, kwenye karatasi mwajiri wao ni kampuni ya wakala yenye ofisi ya vyumba viwili sijui Kariakoo sijui wapi. Sasa nusu ya nani? Ukienda kwa mwenye kiwanda anakwambia hawa si wangu, ukienda kwa ajenti anakwambia mimi mshahara naletewa na mteja siwezi kujadiliana kitu ambacho sikiamui. Wale 150 waliobaki wanaweza kuunda tawi vizuri tu ila kila wakidai nyongeza wanaona idadi yao inapungua na ya ajenti inaongezeka. Nimeona tawi ambalo lilikuwa na nguvu likaisha hivyohivyo bila mtu hata mmoja kufukuzwa, wanastaafu, wanaacha kazi, wanaokuja kujaza nafasi wote ni wa ajenti. Sheria yetu iliandikwa ikimfikiria mwajiri mmoja na wafanyakazi wake. Inabidi iseme wazi kwamba anayepanga kazi na kuamua hela akae kwenye meza ya majadiliano hata kama saini kwenye mkataba wa ajira si yake.

Watu wengi pia hawaamini vyama na hii haijaanza leo, ina historia yake na ni vizuri vijana waijue. Makuli wa bandari ya Dar waligoma 1947 na mgomo ukasambaa kufuata reli mpaka bara, wakati ule hakukuwa hata na TANU. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, ikaundwa 1955 na Rashidi Kawawa akatokea humo humo kwenye vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Mtu angetegemea baada ya uhuru vyama vipae. Lakini mwaka huohuo 1962 sheria ikabanwa kiasi kwamba kugoma kihalali ikawa karibu haiwezekani, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi kadhaa wa vyama wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima na katibu mkuu wake anateuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye muda huohuo ni waziri wa kazi. Yaani anayedai na anayedaiwa ni mtu mmoja. Baadaye ikaja JUWATA ikawa jumuiya ya CCM, mpaka OTTU ya 1991 ndo kamba zikaanza kulegezwa, na TUCTA tunayoijua leo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ni ya miaka ya 2000. Angalia hata ILO, mkataba namba 98 wa haki ya kujadiliana kwa pamoja tuliuridhia 1962, ila namba 87 wa uhuru wa kujiunga na kuunda vyama tukauridhia 2000, miaka 38 baadaye. Kizazi kizima kilikatwa ada na chama ambacho hakikuwa chao, wakaenda kustaafu hawajawahi kumpigia kura katibu mkuu. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, na nilipomwambia nimechaguliwa katibu wa tawi aliniuliza swali moja, nani kakuteua?

Turudi kiwandani. Kwetu tawi halikufa moja kwa moja, ilichukua karibu miaka miwili mingine, watu wengine wakaanza upya kwa namna tofauti nitakayoieleza, na siku moja tukajikuta mezani kweli, sisi saba na upande wa pili meneja, mhasibu, HR na wakili. Tulikuwa tumejiandaa kwa hotuba. Meneja akafungua kwa sentensi moja, kampuni ina hasara mwaka wa tatu sasa. Tukanyamaza wote. Hakuna kitu kinavunja nguvu kama neno hasara kwa mtu ambaye hajawahi kuona kitabu cha hesabu.

Aliyetuokoa ni mzee wa lodingi. Alikuwa na daftari dogo la shule lile la kurasa 48, tangu mwaka uliopita alikuwa anaandika kila siku malori mangapi yametoka na katoni ngapi, sio kwa ajili ya chama hata, ni kwa sababu walikuwa wanalipwa ovataimu pungufu na alitaka ushahidi wake. Akalifungua pale mezani akasoma mwezi kwa mwezi, sauti ya taratibu kabisa, na mwezi wa mwisho malori yalikuwa karibu mara moja na nusu ya mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Mhasibu akaangalia chini. Katoni nyingi si lazima faida, najua, bei ya malighafi inaweza kupanda, umeme unaweza kupanda, ila kuanzia dakika ile mazungumzo yakawa ya namba. Na ndo siku tulijifunza kumbe sheria inamtaka mwajiri kwenye majadiliano atoe taarifa zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana kwa maana, na kwamba pande zote zinatakiwa zijadiliane kwa nia njema. Tuliomba hesabu kwa barua. Hatukupewa zote ila zilizotolewa zilitosha. Nyongeza ya mshahara tuliyopata ilikuwa ya kawaida sana, sitadanganya, lakini basi la saa nne usiku liliandikwa, na glavu zikawa kila wiki mbili.

Ukisoma hapo usidhani bosi alishindwa. Meneja yuleyule baada ya mwaka alisema mbele yetu kwamba utoro wa shifti ya mchana umepungua tangu basi lianze. Kuna waajiri wanagundua kwamba kujadiliana na watu saba wenye ajenda ya maandishi ni rahisi kuliko kukisia watu 300 wamenuna kwa sababu gani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kitu ambacho kinaipa meza uzito, mgomo. Hakuna mfanyakazi mwenye akili anayependa kugoma, siku usiyofanya kazi hulipwi na nyumbani wanakula. Lakini mwajiri asipojua kabisa kwamba mnaweza kugoma mnachofanya pale ni kuomba tu. Sheria yetu inaruhusu mgomo, ila utoke kwenye mgogoro wa maslahi, yaani mnadai kitu kipya kama nyongeza, sio haki ambayo tayari mnayo, upelekwe CMA, siku 30 za usuluhishi zipite, wanachama wapige kura na wengi wakubali, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kazi za maji, umeme, afya, zimamoto na kuongoza ndege zimewekwa kuwa huduma muhimu, hizo hazigomi kienyeji. Mi hayo masharti siyapingi yote, wagonjwa wana haki zao. Tatizo ni kwamba ukikosea hatua moja kila kitu kinaanguka na waliogoma wanakuwa watoro. Walimu wa CWT, Chama cha Walimu Tanzania, waligoma mwishoni mwa Julai 2012 wakidai pamoja na mengine nyongeza ya asilimia 100, na tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikasema mgomo si halali, siku chache tu hizo. Miaka miwili nyuma yake, Mei 2010, TUCTA ilikuwa inadai kima cha chini cha 315,000 na ilitangaza mgomo, Rais Kikwete akawahutubia wazee wa Dar akasema hela hiyo haipo na mgomo ule si halali, ukafutwa. Angalia hiyo namba 315,000 vizuri, ilikuwa 2010.

Wenzetu Kenya wana somo la kwao hapo. Madaktari wa huko kupitia chama chao cha KMPDU walisaini mkataba na serikali 2013, ukakaa hautekelezwi, serikali ikawa inasema haujasajiliwa mahakamani, mpaka Desemba 2016 wakagoma na mgomo ukaenda siku 100, viongozi saba wakafungwa jela Februari 2017 kabla mahakama ya rufaa haijawatoa. Wagonjwa waliumia sana. Kwa watu wa matawi cha kushika ni kwamba kusaini si mwisho, karatasi yenyewe iende inapotakiwa kwenda, kwetu nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi, na mimi nimekutana na matawi ambayo mkataba uko kwenye droo ya mwenyekiti na haujawahi kutoka humo.

Na vyama vyenyewe lazima viambiwe. Ofisa wa kanda anakuja siku ya uchaguzi wa tawi na siku ya Mei Mosi na fulana, katikati humwoni. Walimu wamelalamikia makato ya asilimia 2 ya CWT kwa miaka na hayo malalamiko yana sehemu yake katika kuzaliwa kwa CHAKUHAWATA, chama kingine cha walimu, na kama CWT inaona hiyo ni usaliti kijiulize kwanza mara ya mwisho kilipeleka lini mapato na matumizi kwa mwanachama wa kijijini. Kwenye viwanda ni hivyohivyo, vyama viwili vinagombania wanachama walewale 300, kila kimoja kina 120, hakuna aliyefika nusu, na bosi anawaangalia tu. Ada yangu mi sina shida kuitoa. Nataka iende kwenye ile miezi ya fomu. Chama chenye ofisi Dar na mawakili wa kulipwa kinashindwaje kumweka mtu mmoja karibu na geti kwa wiki sita, tawi likiwa linazaliwa, mtu ambaye HR akimhamisha dada wa pakingi kwenda kufagia barua inaandikwa siku hiyohiyo na nakala inapelekwa kwa ofisa kazi?

Nilisema nitaeleza tulivyofanya mara ya pili. Hatukuwa na msambazaji mmoja, kila laini ilikuwa na mtu wake na hakuna aliyejua orodha nzima zaidi ya watu watatu. Hatukupeleka fomu hata moja kwa HR mpaka tulipovuka nusu, tukazipeleka zote siku moja, Jumatatu asubuhi, na ofisa wa chama yuko pale pale, barua ya kutambuliwa imeambatanishwa, na hatukuondoka mpaka nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Walivyokuja kuanza kuhamisha watu tarehe ilikuwa inaonekana kwenye muhuri, na wakili wa kampuni mwenyewe ndo aliwashauri waache. Kama uko kwenye kiwanda na mnataka kuanza, anzeni hivyo, na kabla ya Jumatatu hiyo pigeni kopi kila fomu. Seti moja ya kopi ikae nyumbani kwa mtu, isikae kwenye loka ya kiwandani, maana loka zetu zilifunguliwa usiku mara mbili.